Mwaka Tuliosamehe Tusichokijua

Mwezi uliopita nilivuka mto Rovuma pale mpakani Namoto kwenda upande wa Tanzania, kwa sababu Bwana Saidi alikuwa amefariki. Nilichelewa maziko, nikawahi hitima. Wasomaji walipomaliza na masinia kuondolewa, mwanawe mkubwa alisimama akarudia tangazo lililokwisha kutolewa makaburini: kama kuna mtu anayemdai baba yao, kidogo au kikubwa, ajitokeze, wao watoto wako tayari kulipa. Watu walitazama mkeka, kama ilivyo ada. Mimi nilijikuta nikijichunguza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Nilipitia mwaka mmoja wa ujana wangu, mwezi baada ya mwezi, chumba baada ya chumba, nikaona hakuna ninachomdai. Baadaye, nyuma ya nyumba, nilimkuta Bi Atija amekaa na wanawake wenzake. Macho yake sasa hayaoni vizuri. Alinitambua kwa sauti. Nilimuuliza kama alilisikia lile tangazo. "Nimelisikia," akasema. "Nikajipapasa, nikaona sina changu kwake." Kisha akaongeza, "Na ingeweza kuwa vingine, mwanangu." Nimerudi Palma, upande wetu wa Msumbiji, na maneno hayo, na kwa kuwa tumebaki wachache tunaojua maana yake, nayaandika.

Sura hii haihusu nilikozaliwa wala nani alinilea. Inahusu mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na sita, nilipoachishwa kazi bila kujua kwamba kuachishwa kazi kuna utaratibu wake. Mengi niliyojifunza baadaye peke yangu, bila shule, yalianzia hapo. Vijana wanaoniletea leo mikataba yao ya vibarua wa mradi wa gesi wa Afungi, niwasomee kabla hawajatia sahihi, hudhani nilisomea sheria. Ukweli ni kwamba nilijifunza kuisoma kwa sababu ya mpishi mmoja aliyekataa kudai haki yake, na mwajiri mmoja aliyemwogopa Mungu kuliko alivyoipenda mali yake.

Nyumba ya wageni ya Bwana Saidi, ambayo sote tuliiita pensão, ilikuwa na vyumba vinane vilivyozunguka ua wa saruji. Vyumba vyenye madirisha ya mashariki vilikuwa vya thamani zaidi, kwa kuwa jioni vilipoa mapema. Wafanyakazi tulikuwa watatu. Bacar, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, alilinda mlango na kuendesha jenereta. Mimi nilipokea wageni, niliandika majina yao katika daftari la polisi, na kuwabebea mizigo. Bi Atija alipika na kufua. Alikuwa mjane, umri wake kama hamsini, na alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja, tangu nyumba ilipokuwa na vyumba vitatu tu na choo cha makuti. Jikoni mwake mlikuwa na giza na joto, na pembeni kulikuwa na kigoda ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Wageni walipewa wali, samaki wa kuchoma na saladi. Sisi tulikula baada yao, palepale chini, na mara nyingi chakula chetu kilikuwa kitamu zaidi: kisamvu cha nazi chenye kamba wadogo, pweza aliyepikwa mpaka akalainika, ukoko wa wali ambao Bi Atija aliugawa kwa haki kama mirathi. Siku za Ijumaa Bwana Saidi alikuja kula nasi. Alikaa mkekani kama sisi, akanawa kwa maji yaleyale, na hakuwahi kusubiri apewe mnofu wa kwanza. Nimefanya kazi kwa watu wengine tangu wakati ule, na ninajua sasa jambo hilo ni adimu kiasi gani.

Mwaka ule wageni wetu wengi walikuwa wapima ardhi na mafundi wa makampuni. Kutoka mezani kwangu nilisikia yote yaliyosemwa katika chumba cha tatu, kwa kuwa mlango wake haukufunga sawasawa. Siku moja asubuhi nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwa Kireno kwamba kambi imekwisha kujengwa, wanahamia huko, kuna kiyoyozi na nyama kila siku. Nilimpelekea Bi Atija habari hiyo jikoni. "Nyama kila siku," alisema, akikuna nazi bila kuinua uso. "Watarudi hapa kutafuta choo." Hawakurudi. Ndani ya wiki tatu vyumba sita kati ya vinane vilikuwa vitupu. Bi Atija aliendelea kufua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, kwa sababu vumbi liliingia. Bacar alisema hii ndiyo kazi aliyoiomba kwa Mungu maisha yake yote, kulinda nyumba isiyo na kitu. Tulicheka. Hakuna kati yetu aliyeuliza mwisho wake ni nini, na Bwana Saidi hakusema.

Alisema miezi miwili baadaye, siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Alichinja mbuzi. Bi Atija alipika pilau ya kujiaga mwenyewe bila kujua, kwani aliambiwa kuna dua tu. Mwalimu Chande, aliyesomesha chuo cha Kurani mtaa wa pili, alialikwa akae mbele. Tulipokwisha kula, Bwana Saidi alisema kwamba Jumamosi anafunga nyumba na kurudi kwa nduguze ng'ambo ya Rovuma. Alitupa mshahara wa mwezi mzima ingawa mwezi haukuwa umefika nusu, na kila mmoja akapewa shuka mbili na mfuko wa mchele. Kisha akafanya kile ambacho watu wetu hufanya kabla ya safari, kabla ya Ramadhani, kabla ya kutengana kokote. Alisema, "Ndugu zangu, tumeishi pamoja. Mtu haishi na watu asiwakosee. Ninalolijua ni moja, na nisiyoyajua ni mengi. Niwieni radhi, na mimi nimewawia radhi, duniani na akhera." Tukajibu mmoja mmoja. Bi Atija alisema, "Nimekusamehe, Bwana Saidi, yote," na machozi yalimtoka. Bacar alisema hivyohivyo. Na mimi nilisema hivyohivyo, kwa moyo mweupe. Mwalimu Chande akasoma Fatiha, tukapangusa nyuso zetu, jambo likaisha.

Ijumaa nilipewa kazi ya kuvifagia vyumba kwa mara ya mwisho. Chini ya godoro la chumba cha tatu nilikuta kijitabu chembamba chenye jalada la bluu lililochanika, sheria ya kazi, kwa Kireno. Nilikichukua kwa sababu nilikuwa nachukua kila chenye maandishi. Kireno changu kilikuwa cha darasa la saba na cha kusikiliza mlangoni. Nilinunua daftari, nikaazima kamusi ya mwalimu wa shule, nikaanza ukurasa wa kwanza, kwa kuwa sikujua kwamba kitabu cha namna hiyo hakisomwi kuanzia mwanzo. Kila neno nisilolijua nililiandika kushoto, maana yake kulia, na sentensi nzima ya Kiswahili chini yake. Siku nyingine nilimaliza mistari minne. Katika wiki ya tano nilifika kwenye sehemu inayohusu mwajiri anayesitisha kazi kwa sababu shughuli yake imekwisha. Niliisoma mara nyingi. Ilisema kwamba lazima amwarifu mfanyakazi kwa maandishi siku thelathini kabla. Asipomwarifu, amlipe siku hizo. Na juu ya hapo amlipe fidia inayohesabiwa kwa kila mwaka aliofanya kazi. Sikuona popote pilau wala mchele.

Sikuamini tafsiri yangu. Nilipanda gari mpaka Mocímboa da Praia, katika ofisi inayoshughulikia mambo ya kazi, nikamsomea karani daftari langu. Alikuwa mtu mwenye haraka, lakini alisikiliza mpaka mwisho. "Umesoma sawa," alisema. "Kampuni gani?" Nikamwambia si kampuni, ni mtu mmoja na vyumba vinane. "Sheria haiulizi vyumba," alisema. "Ila ina saa yake. Miezi sita tangu kazi kwisha, halafu huna tena cha kudai." Nilihesabu njiani wakati wa kurudi. Tulikuwa tumebakiwa na miezi minne na wiki kadhaa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Atija. Alikuwa akikaanga vitumbua mlangoni pa chumba alichopanga, katika chuma cha kuazima, na faida yake yote iliishia kwenye kodi. Kaka yake aliyeko kijijini Mbau alikuwa amekwisha kumtumia mtu kumwambia kwamba mvua zikiisha atakuja kumchukua. Huko angelima shamba la wifi yake na kula kwa zamu ya wifi yake. Bi Atija alikuwa amewahi kuishi hivyo, baada ya kufiwa na mume, na aliniambia mara moja tu jinsi ilivyokuwa, sitaiandika. Alichotaka ni jiko lake mwenyewe, hapahapa Palma, na watu waje kula kwake. Kwa hiyo nilidhani nimemletea habari njema. Nilimsomea daftari langu lote, moshi ukituingia machoni. Alinisikiliza, akageuza vitumbua, akasema, "Nimekwisha samehe."

"Hukujua, Bi Atija."

"Nilisema yote. Wewe ulikuwepo. Fatiha ikasomwa. Sasa unataka niende kwa Mungu nimwambie nilikuwa natania?"

"Bwana Saidi angekulipa. Ni sheria."

"Hiyo ni sheria ya serikali. Mimi nilitoa neno langu." Akaniwekea vitumbua vitatu kwenye gazeti. "Kula, wewe umekonda. Kusoma kunakuharibu."

Bacar naye, nilipomfuata, alikuwa na jibu lilelile kwa maneno yake. Alisema pesa anazitaka kama mtu yeyote, lakini mtu akila pilau ya radhi kisha akaenda kushtaki, siku ya kufa kwake nani atamzika. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na wote wawili. Hasira yangu ilichukua siku mbili kunionyesha kwamba na mimi nilikuwa na woga uleule. Nilikuwa na haki ya miaka mitatu katika nyumba ile, na nilikuwa nimeishughulikia haki ya Bi Atija ili nisiitazame yangu. Na mimi nilikuwa nimesema nimesamehe. Leo naona wazi kwamba hakuna kitabu cha serikali kingeweza kututoa pale. Tulikuwa tumejifungia mlango kwa mikono yetu, kwa adabu na mapenzi, na ufunguo haukuwa Mocímboa.

Nilikwenda kwa Mwalimu Chande. Alikuwa akisahihisha mbao za wanafunzi, na nilimweleza yote kwa utaratibu: tulisema nini, sheria inasema nini, Bi Atija anasema nini. Hakunijibu siku ile. Nilirudi kwake mara mbili, akaniambia bado anasoma. Mara ya tatu alikuwa ameweka kitabu wazi mapajani. Alinisomea Kiarabu, kisha akanieleza. "Katika madhehebu yetu, mtu hamwachii mwenzake deni ambalo halijui ni nini wala ni kiasi gani. Akisema nimeachia, bado hajaachia. Wako wanazuoni wanaoliona vingine, lakini mimi nakusomea nilivyosomeshwa." Akaniuliza, "Siku ile, wewe ulijua kwamba una haki hii?"

"Sikujua."

"Atija?"

"Hakujua."

"Na Saidi mwenyewe?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi kamuulize yeye kwanza. Mtu anaulizwa nyumbani kwake kabla ya kuulizwa barazani." Akafunga kitabu. "Na kwa Atija nitakwenda mimi. Nilifunga jambo kwa Fatiha bila kuuliza ni jambo gani linafungwa. Kosa hilo nitalibeba mwenyewe." Nimekutana na watu wengi wenye elimu kubwa kuliko yake. Wachache wangekiri hivyo mbele ya kijana aliyekuja na daftari la madukani.

Bwana Saidi bado hakuwa amevuka. Alikuwa nyumbani akiuza vitu vyake kimoja kimoja, na sebule ilikuwa na mwangwi. Mkewe alinipa chai ya tangawizi. Nilimwamkia, nikaweka kijitabu na daftari mbele yake, nikasema nilichokuja kusema. Niliona uso wake ukibadilika. "Amade," alisema, "nilidhani tumeachana vizuri."

"Tumeachana vizuri, Bwana Saidi. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwingine."

"Niliwapa nilichokuwa nacho."

"Ulitupa, na tunakushukuru. Lakini kile kilikuwa zawadi. Hii ni haki."

Mkewe alisema kutoka mlangoni kwamba watu siku hizi hawana shukrani, wanalishwa na kulalamika. Bwana Saidi alimnyamazisha kwa mkono bila kumtazama. Aliniambia nisome tena, Kireno kwanza, halafu Kiswahili. Nilisoma. Alinizuia kwenye neno moja, akataka kujua nimelitafsiri kutoka wapi, nikamwonyesha kamusi. Aliuliza kama yeye ndiye aliyetakiwa kuyajua haya, nikasema ndiyo. Aliufuatisha mstari ule kwa kidole mpaka chai yangu ikapoa. Nilidhani anatafuta namna ya kunifukuza kwa heshima. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema peke yake, "Kwa hiyo sijasamehewa."

Nilimjibu kwamba ndivyo anavyosema Mwalimu Chande.

"Ningevuka mto na deni la watu watatu, na huku nimejiona mweupe." Akauliza karani alisema muda umebaki kiasi gani. Nikamwambia. "Usihesabu miezi ya serikali," alisema. "Mimi nina miaka sitini na moja. Waite wenzako Jumapili."

Hakuwa na fedha taslimu za kutosha, na hakujifanya kuwa nazo. Tulikaa siku mbili mimi na yeye, tukaandika kila mtu anastahili nini na vitu gani vilivyobaki vinaweza kutolewa mahali pa fedha kwa bei aliyoikadiria fundi wa sokoni: jiko la gesi, friza, masufuria makubwa, meza sita. Sehemu iliyobaki angeilipa kila mwezi kupitia mpwa wake aliyefanya biashara Namoto. Ilimchukua zaidi ya mwaka kumaliza, na mwezi mmoja alipochelewa alituma mtu aje kuniambia kwa nini. Katika siku hizo mbili alinifundisha jambo ambalo sheria haikuwa nalo. Kila nilipoandika kifungu aliniambia, "Andika hivyo Atija aelewe." Tangu wakati ule sijaandika karatasi ya mtu yeyote kwa namna nyingine.

Jumapili tulikutana katika ua uleule. Hapakuwa na pilau, kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na chai. Mwalimu Chande alikuwa amekwisha kwenda kwa Bi Atija, na alikuja naye, amevaa kanga mpya, uso umekaza. Nilianza na Bacar. Nilimsomea yake, na Bwana Saidi akamuuliza kama kuna anachosamehe. "Sisamehi hata siku moja," alisema Bacar. "Ila ile siku uliyonikuta nimelala, ikate."

"Nikate ngapi, Bacar?"

"Hiyo moja uliyonikuta."

Hata Mwalimu alicheka. Mimi nilipofika kwenye jina langu nilisema nataka yote, na niliona haya kulisema, na nashukuru kwamba nililisema. Kisha ikawa zamu ya Bi Atija. Hakucheka na wengine. Aliniambia nisome polepole.

"Ya kwanza ni nini?"

"Mwezi wa ilani. Alitakiwa kukuarifu kwa maandishi siku thelathini kabla."

"Angeniarifu ingenisaidia nini?"

"Ungepata muda wa kutafuta pengine."

Aligeuka upande wa mwajiri wake. "Bwana Saidi, ulijua tangu lini kwamba utafunga?"

Bwana Saidi alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini. "Tangu wale wa chumba cha tatu walipohama," alisema. "Miezi miwili. Niliona haya kuwaambia, dada yangu. Kila asubuhi nilisema nitasema kesho."

"Miezi miwili nafua mashuka ya watu wasiokuwepo, na wewe unaniangalia."

"Ndiyo."

Hakuna aliyesaidia. Mwalimu Chande alitazama mikono yake. Bi Atija alisema kwa utulivu, kila neno na mahali pake, "Mwezi huo nilipe. Miaka yangu kumi na mmoja nilipe, siachi hata mmoja, na jiko nalichukua leo. Kaka yangu akija, atanikuta napika. Lakini kunificha, hilo sasa nalijua lilivyo na ukubwa wake. Hilo nimekusamehe."

Bwana Saidi alifunika uso kwa kofia yake. Mwalimu Chande akainua mikono ili asome Fatiha, na sisi tukainua yetu. Bi Atija peke yake hakuinua. "Subiri, Mwalimu," alisema. "Atie sahihi kwanza."

Nikampa Bwana Saidi kalamu, akatia.